Kupakua Linux kwa torenti: mwalimu mkuu anasema ni wizi na virusi. Nimjibu nini?

mwalimu_Busia ameuliza:

Hamjambo ndugu zangu, poleni na kazi.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari huku Busia, upande wa Uganda. Tuna laptopu 11 zilizotumika, tulizopewa na watu waliosoma hapa zamani. Kila moja ina RAM ya GB 4, na nyingi ni za mwaka 2013 hivi. Zote zina Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inazikataa kwa sababu hazina TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya mashine. Nimekaa na jambo hili wiki mbili, nikaamua tuhamie Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ile yenye mwonekano wa Xfce, kwa kuwa ni nyepesi.

Shida ni kuipata. Faili la ISO, lenye mfumo wote ndani yake, lina karibu GB 2.8. Natumia intaneti ya simu yangu, bando ya usiku, ninayoilipia mwenyewe. Usiku wa kwanza nilipakua kwa kivinjari mpaka GB 1.9, umeme ukakatika. Betri ya laptopu niliyokuwa natumia ilikufa zamani, kwa hiyo ikazima pale pale. Nilipowasha, kivinjari kikaanza upya kutoka sifuri. Usiku wa pili nilifika GB 2.4, simu ikapoteza mtandao kidogo, likaandikwa neno moja tu: imeshindikana. GB 4.3 zimeteketea na sina faili. Nyote mnajua kwamba tangu Julai 2021 kila bando tunayonunua ina kodi ya asilimia 12 ndani yake. Nimelipa kodi ya kitu ambacho sikukipata.

Mwenzangu wa hesabu akaniambia nitumie torenti, njia ya kupakua faili vipande vipande kutoka kwa watu wengi, kwamba hata umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Mwalimu mkuu akalisikia neno hilo. Akasema: "Torenti ni ya sinema za wizi, na inaleta virusi. Sitaki polisi wala virusi shuleni kwangu." Ni mzee ninayemheshimu, na hofu yake haikutoka hewani, maabara yetu iliwahi kufutwa mafaili yote na virusi vilivyokuja kwa flashi. Sitaki kumzunguka. Nataka nimjibu kwa hoja.

Naombeni mnisaidie. Je, ni halali? Kama vipande vya faili vinatoka kwa watu nisiowajua duniani kote, nitajuaje hakuna aliyenichomekea kitu? Na bando yangu je, itamalizwa na watu wanaochukua kutoka kwangu?

---

dereva_wa_usiku amejibu:

Mwalimu usijisumbue. Nenda mjini kwa wale wanaojaza nyimbo kwenye flashi, wengi wana Ubuntu, nayo ni Linux. Unalipa kidogo, unaondoka nayo siku hiyo hiyo.

---

fundi_Arua amejibu:

Ndugu dereva, najua unamtakia mema, lakini ushauri huo ndio uliowahi kuniliza. Nitaueleza mbele kidogo.

Mwalimu, pole kwa bando zako. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Arua, mwanamke mwenye kibanda kimoja na paneli moja ya sola, na kazi ya kuweka Linux kwenye mashine za watu naifanya mwaka wa tisa sasa. Nivumilie niandike kwa urefu.

Tuanze na wizi. Wewe uko Busia, unazijua baiskeli na boda zinazovuka mpaka. Boda ikibeba ndizi ni boda, ikibeba magendo ni boda ile ile. Torenti ni chombo cha kubebea mafaili, Bram Cohen alikibuni mwaka 2001, na watu wamekibebesha halali na haramu. Mzigo wako ni halali kabisa. Mwoneshe mzee tovuti ya Linux Mint yenyewe: torenti zimewekwa pale na wenye kazi. Wenye Linux za aina nyingine pia: Debian wanazo, Ubuntu wanazo, Fedora wanazo. Wanaziweka kwa sababu seva zao zinapumua watu wanapogawiana wenyewe kwa wenyewe. Kiini cha Linux kina leseni ya GPL toleo la 2, inayokuruhusu kunakili, kugawa, hata kuuza nakala, mradi usimnyime anayepokea haki hizo hizo. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mwenye kazi, na mwenye kazi hapa ndiye aliyesema chukua, na ukipenda mpe jirani.

Sasa virusi, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoogopa mahali pasipo hatari na kutembea kifua wazi mahali penye hatari.

Faili la torenti ni dogo sana. Halina Linux ndani yake. Lina orodha. Orodha inasema: ISO hii imekatwa vipande kadhaa (tuseme kila kipande ni MB 2, basi ISO yako ni vipande kama 1,400), na kila kipande kina alama yake, mfuatano wa herufi na tarakimu uliokokotolewa kutokana na kilichomo. Programu yako inaomba kipande cha 5 kwa mtu wa Poland, cha 812 kwa mtu wa Brazil, cha 60 kwa mtu wa Nairobi. Kila kinapofika inakikokotolea alama upya na kuilinganisha na orodha. Ikitofautiana, kipande kinatupwa na kuombwa kwa mtu mwingine. Yule wa Poland akitaka kukuchomekea chake katikati, kipande chake kitakataliwa mlangoni, na wewe hata hutasikia.

Kwa hiyo hofu ya mwalimu mkuu ihamishie kwenye orodha. Aliyeandika orodha ndiye unayemwamini. Ukilichukua faili la torenti kwenye ukurasa wa Linux Mint wenyewe, umewaamini Linux Mint. Ukilichukua kwenye tovuti ya kutafutia torenti, yenye vitufe vikubwa vya kijani na picha za wasichana, umemwamini mtu usiyemjua, na programu yako itahakikisha kwa uaminifu mkubwa kwamba umepata sumu yake yote, bila kipande hata kimoja kupungua.

Ndugu dereva, sikia sasa. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilipata oda ya kuweka Ubuntu kwenye mashine sita za zahanati moja. Sikuwa na bando. Nikanunua ISO kwenye flashi kwa kijana wa mjini, nikaweka zote sita, nikalipwa, nikashukuru Mungu. Baada ya wiki tatu wakaniita: mashine ya mapokezi ilikuwa inanguruma feni hata pakiwa hakuna anayeigusa. Nikakaa nayo jioni nzima. Nikafungua orodha ya watumiaji, nikakuta jina moja ambalo sikulitengeneza mimi, lenye ruhusa zote, na mlango wa kuingilia kutoka mbali ukiwa wazi. Nikakimbilia mashine ya pili. Jina lile lile. Zote sita. Mashine hizo zilikuwa na majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Nililia, mwalimu. Kisha nikazifuta zote na kuziweka upya bila malipo, na sijui hadi leo kama kijana yule alijua alichoniuzia au naye aliuziwa.

Niliporudi nyumbani nilikokotoa alama ya ile ISO ya flashi. Ukubwa wake ulikuwa karibu sawa na wa halisi. Jina la faili lilikuwa sawa herufi kwa herufi. Alama haikufanana hata kidogo. Kazi ya dakika mbili, ambayo sikuifanya kabla.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Anwani ya tovuti naiandika mwenyewe kwa vidole, siibofyi kwenye matokeo ya kutafuta, kwa sababu juu kabisa ya matokeo huwa kuna matangazo na baadhi ni mitego yenye jina linalofanana. Programu ninayotumia ni qBittorrent. Ni huria, haina matangazo, nayo pia naichukua kwao wenyewe. Transmission ni nzuri vile vile. Kwenye Windows, washa kuonesha viishio vya majina ya mafaili. Faili linalojiita linuxmint.iso.exe halijawahi kuwa Linux.

Kuhusu bando: ndiyo, kinachotoka kinahesabiwa sawa na kinachoingia. Kwenye qBittorrent kuna mahali pa kuweka kikomo cha kasi ya kutuma, na hapo kuna mtego uliomkamata mwanafunzi wangu: aliandika 0 akidhani amefunga kabisa. Katika programu hiyo 0 maana yake hakuna kikomo. Asubuhi bando ilikuwa imekwisha. Andika 10, yaani KB 10 kwa sekunde. Kwa usiku wa saa sita ni kama MB 216 zinazotoka, basi, hazizidi hapo. Usifunge kabisa, vipande ulivyonavyo kuna mwenzako anavingoja, na programu nyingi humpendelea anayetoa. Faili likikamilika, kama uko kwenye simu, simamisha. Ukiwa mahali penye waifai isiyopimwa, iache iendelee kugawa, uwarudishie waliokugawia.

Umeme ukikatika, usihangaike. Ukiwasha, programu inaendelea na vipande ilivyokwisha kuvihifadhi. Ikishuku kitu, inavikagua vyote upya na kuomba vilivyoharibika tu. Mimi nimewahi kupakua Debian kwa siku nne, sola ikizima kila jioni, na sikupoteza hata MB 10.

Ikifika asilimia 100, bado hujamaliza. Fungua dirisha la amri la Windows, nenda kwenye folda yenye ISO, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Mashine itafikiri dakika moja au zaidi, kisha itakuandikia alama ya ISO nzima, herufi na tarakimu 64, kuanzia 0 hadi 9 na a hadi f. Kwenye ukurasa wa Mint kuna faili linaloitwa sha256sum.txt. Linganisha. Usitazame nne za mwanzo na nne za mwisho ukaridhika. Mimi huketi na msaidizi wangu, yeye anasoma nne nne kwa sauti, mimi nafuata kwa kidole kwenye skrini. Mara kumi na sita, tumemaliza. Wanafunzi wako watalipenda zoezi hilo.

Na namba yenyewe sitakuandikia hapa, ingawa ninayo. Ukiinakili kutoka kwangu utakuwa umeniamini mimi, na mimi ni nani? Ichukue kwao.

---

kebo_Kampala amejibu:

Dada fundi amesema kweli tupu. Naongeza mambo mawili, kwa sababu kuna tundu moja limebaki wazi.

Tundu ni hili: je, tovuti yenyewe ikivamiwa? Limetokea, na limetokea kwa Linux Mint hao hao. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti yao na kubadilisha kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 la Cinnamon, ambayo ni Mint yenye mwonekano mwingine. Aliyebofya siku hiyo alipelekwa kwenye seva iliyokuwa Sofia, Bulgaria, akapewa ISO iliyotiwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mvamizi. Wenye mradi walitangaza wenyewe, waziwazi, wakafunga tovuti wakasafisha. Mwalimu, hii mwambie mwalimu mkuu: katika tangazo lao walisema waliopakua kwa torenti hawakuguswa. Torenti ilishika orodha ya vipande halisi. Seva ya Sofia isingeweza kujipenyeza humo.

Lakini mvamizi mwerevu zaidi angebadilisha torenti na sha256sum.txt kwa pamoja, na ulinganisho wako ungefaulu huku unalishwa uongo. Kwa hiyo kuna hatua ya tatu: sahihi, yaani saini ya kidijitali. Pamoja na sha256sum.txt kuna faili jingine, sha256sum.txt.gpg. Hilo limetiwa sahihi kwa ufunguo wa siri ambao haukai kwenye tovuti. Ukiwa na GnuPG, programu ya kuhakiki sahihi hizo (kwenye Windows inaitwa Gpg4win), unachukua ufunguo wao wa wazi, halafu:

gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt

Ukiona "Good signature" na alama ya ufunguo inalingana na ile wanayoitangaza, orodha ni yao. Programu itakuonya pia kwamba ufunguo huo haujathibitishwa na mtu unayemwamini. Onyo hilo ni la kawaida, maana yake tu ni kwamba hujakutana nao uso kwa uso. Alama ya ufunguo itafute zaidi ya mahali pamoja: kwenye maelekezo yao, kisha kwa rafiki aliyekwisha kuitumia mwaka jana. Mvamizi anaweza kuteka ukurasa wa leo. Daftari la rafiki yako la mwaka jana hawezi.

La pili ni VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Tangu Facebook ifungwe hapa kwetu Januari 2021, wengi tunaacha VPN ya bure ikiwaka kwenye simu mchana na usiku. Unapopakua ISO izime. Huna cha kuficha hapa, na VPN hiyo inapunguza kasi na kuongeza mzigo kwenye bando. Ndiyo, anwani yako ya mtandao itaonekana na wale unaogawiana nao. Wataona kwamba mtu fulani Uganda anapakua Linux Mint. Waone.

Na usishangae kama programu inakuambia haipati miunganisho ya kutoka nje. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo wengine hawawezi kukugongea mlango. Wewe unaweza kuwagongea, na hiyo inatosha kupakua.

---

kijana_Nakivale amejibu:

Salamu kutoka kambini Nakivale, wandugu. Mimi niko na fupi.

Mwalimu, pakua mara moja tu, usipakue mara 11. Sisi hapa tuko na kituo kidogo cha vijana, laptopu nane na ruta isiyo na intaneti. Mmoja anapata ISO, anaikagua, halafu kwenye qBittorrent tunaacha ile sehemu ya kutafuta wenzao wa mtandao wa ndani ikiwa imewashwa. Tunafungua faili la torenti lile lile kwenye zote, na mashine zinagawiana vipande zenyewe kwa zenyewe kupitia ruta. Hakuna bando inayoliwa. Hata dakika kumi na tano hazikuisha.

Ukitaka kunakili kwa flashi pia ni sawa, lakini angalia flashi imeandaliwa kwa mfumo gani. Nyingi zinakuja na FAT32, na hiyo haipokei faili linalozidi GB 4. Mint yako itaingia. Ubuntu 24.04 haitaingia, itakwambia faili ni kubwa mno hata kama flashi ni tupu, na mimi nilirudisha flashi mbili dukani nikidhani ni mbovu.

Baada ya kunakili, kagua alama tena kwenye kila nakala. Flashi za bei rahisi zinaharibu mafaili kimya kimya.

---

mwalimu_Busia amejibu:

Ndugu zangu, nimerudi na habari.

Nilichapisha majibu yenu nikampelekea mwalimu mkuu ofisini. Aliyasoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye mashine za zahanati alikaa. Akaniuliza swali moja tu: "Hiyo namba 64, wanafunzi wanaweza kuihakiki wenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi fanya, lakini nami niwepo.

Jumanne usiku nikaanza. Kikomo cha kutuma nikaweka 10, VPN nikazima. Saa saba kasoro umeme ukakatika ikiwa asilimia 71. Nilikaa gizani moyo ukinidunda, nikikumbuka GB 4.3 zangu. Umeme uliporudi saa tisa nikawasha, qBittorrent ikakagua, na ikaandika 70.8. Fundi, nilicheka peke yangu chumbani. Saa kumi na moja ilikuwa imekamilika.

Jumatano darasani tukaandika amri ya certutil, mwalimu mkuu kwenye kiti cha nyuma. Msichana mmoja wa kidato cha pili akasoma kutoka kwenye projekta, mvulana akafuata kwenye sha256sum.txt tuliyokuwa tumeichapisha. Nne za kwanza zikakataa. Wakajaribu tena, zikakataa. Mwalimu mkuu akavua miwani. Mimi jasho likanitoka, nikaona mradi mzima umekufa mbele ya watoto arobaini.

Yule msichana akauliza, "Mwalimu, mbona kwenye karatasi kuna mistari mitatu?" Tulikuwa tunasoma mstari wa kwanza, ambao ni wa Cinnamon. Wetu ni wa Xfce, uko chini kabisa. Wakaanza upya kutoka mstari sahihi. Nne, nne, nne, darasa zima likawa linahesabu pamoja nao. Ilipofika mara ya kumi na sita na zikalingana, walipiga makofi. Sahihi ya gpg tuliihakiki baadaye mimi na mwenzangu wa hesabu, nayo ikakubali. Alama ya ufunguo tumeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la maabara, pamoja na tarehe.

Mashine tatu zimekwisha kuwekwa Mint. Zinawaka haraka kuliko zilivyowahi kuwaka tangu nizijue. Nane zilizobaki tutafanya Ijumaa kwa njia ya ruta ya ndugu yetu wa Nakivale.

Mwalimu mkuu ameniruhusu kuunganisha laptopu moja kwenye intaneti ya ofisi usiku, ile inayolipiwa kwa mwezi na haipimwi, ili tugawe. Kikomo nimekiweka KB 50, kisizidi. Leo asubuhi nilipokwenda kuizima nilifungua orodha ya wanaopokea kutoka kwetu. Programu inaweka bendera ndogo mbele ya kila mmoja. Kulikuwa na Ujerumani, India, Brazil mbili, na katikati yao bendera moja ya kwetu, nyeusi, njano na nyekundu. Alikuwa na asilimia 38 na alikuwa anavuta kwetu polepole. Fundi, ni wewe?

---

fundi_Arua amejibu:

Mwalimu, nimesoma mara mbili. Huyo binti wa mistari mitatu mpe nafasi ya kusimamia ukaguzi wa nakala zote nane Ijumaa.

Si mimi. Usiku ule nilikuwa navuta Debian. Ila laptopu hiyo usiizime leo mapema, mtu wetu bado ana asilimia 62 za kwenda.